Kulala kando ya maziwa ya Momella: mzazi, panga usiku kabla ya mchana

Likizo ya Juni ikikaribia, mazungumzo ya safari ya familia huanza na gari, nyama ya kuchoma na nani atabaki kulinda nyumba. Mtu akiuliza, "Huko usiku si kuna baridi?" jibu huwa tayari: "Tutabeba jiko." Jibu hilo hutolewa kwa nia njema kabisa, lakini ndilo la kwanza linalopaswa kujadiliwa kabla mtu hajafunga begi.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako familia inaweza kupata mlima, msitu na maziwa mahali pamoja bila safari ya siku nzima kutoka mjini. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Moshi hadi Arusha unachepuka pale Usa River, na baada ya muda mfupi twiga wanaanza kuonekana. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500, unasimama upande wa magharibi. Upande wa mashariki yametandazwa maziwa ya Momella, madogomadogo, kila moja na rangi yake ya maji, na msimu ukiruhusu yanajaa flamingo. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro inaonekana kwa mbali.

Pa kulala pako pa aina nyingi: nyumba za kupumzikia wageni, mabanda ya mbao na maeneo ya kupiga hema, mengine ndani ya hifadhi na mengine nje ya lango. Ni kwenye haya mabanda ambako familia nyingi hujipikia na kujihudumia, kwa kuwa gharama hupungua na watoto hupata uhuru wa kukimbia kimbia.

Shida ni kwamba likizo ya katikati ya mwaka huangukia kwenye baridi kali zaidi ya mwaka. Eneo la maziwa liko takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 10. Mtoto wa Dar es Salaam aliyezoea kulala na feni hajawahi kukutana na usiku wa namna hiyo. Ikifika saa nne anatetemeka, mama anamfunika kanga mbili, baba anafunga madirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Kisha jiko lililochoma nyama jioni linaingizwa ndani.

Jiko lisilo na moshi

Wazazi wengi wanajua kwamba moshi ni mbaya. Kwa hiyo husubiri mkaa ukolee, uwe mwekundu, moshi uishe, ndipo waingize jiko chumbani wakiamini sasa ni salama. Hapo ndipo kosa lilipo. Mkaa uliokolea unaendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Mtu hawezi kuibaini kwa pua wala kwa kukohoa.

Gesi hiyo ikiingia mapafuni hupita hadi kwenye damu na kushikamana na chembe zinazobeba oksijeni. Inashikamana nazo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata kiasi kidogo kwenye chumba kilichofungwa kinatosha kuunyima ubongo na moyo hewa vinavyoihitaji. Watoto huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko watu wazima. Mjamzito naye yuko hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa safari: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, usingizi mzito. Nani atashangaa mtoto akisinzia baada ya kutwa nzima ya kutazama nyani? Jambo la kuzingatia ni hili: watu wawili au watatu waliomo kwenye chumba kimoja wakianza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, bila homa, na wakapata nafuu wakitoka nje, hayo si mafua.

Ikitokea hivyo, kila mtu atoke nje mara moja, hata kama kuna baridi, hata kama mtoto amelala fofofo. Milango ifunguliwe, jiko litolewe na mtu asiyejisikia vibaya, na waathirika wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepona. Maziwa hayasaidii. Sumu hii haimo tumboni bali kwenye damu, na muda unaotumika kutafuta maziwa ni muda wa mgonjwa kupewa oksijeni.

Bila shaka kuna bibi atakayesema yeye alilala na moto utoto wake wote, na hajadanganya. Lakini nyumba nyingi za zamani zilikuwa za nyasi, hewa ikipita kwenye paa na kuta. Banda la kisasa lina vioo, dari na mlango unaobana, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Sehemu ya kuotea moto iliyojengwa na bomba la moshi linalofanya kazi ni suala tofauti, ingawa hata hiyo ni vizuri kumuuliza mhudumu lini bomba lilisafishwa. Mtungi mdogo wa gesi nao si wa kupashia chumba joto. Na jiko la kupikia likae nje, mbali na mlango na madirisha, kisha mkaa uzimwe kabisa kwa maji au mchanga kabla ya kulala.

Joto lisilohitaji moto

Baridi ya nyuzi 10 inashindwa kwa nguo, na nguo nyepesi tatu zilizopandana hufanya kazi kuliko koti moja zito. Soksi kavu za kulalia ziwekwe pembeni ili zisilowe mchana. Kofia ya sufu kwa watoto wakubwa, uji wa moto au supu kabla ya kulala, watoto wawili kitanda kimoja. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye taulo huweza kupasha kitanda nusu saa kabla, kisha itolewe mtoto anapopanda. Kichanga asifunikwe blanketi zito hadi usoni; avalishwe vizuri na alale karibu na mama, kila mmoja na shuka lake.

Choo nacho ni sehemu ya mpango. Pale ambapo choo kiko jengo jingine, mtoto asitoke usiku peke yake, kwa sababu nyati na fisi hawasomi ratiba ya wageni. Ndoo yenye mfuniko ndani ya banda inamaliza ubishi wote.

Maji ya kunywa yanastahili maelezo zaidi kidogo. Miamba ya volkano inayozunguka Meru ina madini mengi ya floraidi, ndiyo maana baadhi ya waliokulia Arumeru wana meno yenye rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita; katika maziwa ya magadi kwenye miteremko ya Meru kumewahi kupimwa hadi miligramu 690. Maji ya maziwa hayo hayanywewi wala hayapikiwi. Kuchemsha, ambako huua vijidudu, hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na madini yanabaki sufuriani. Siku mbili za maji ya bomba hazitabadilisha meno ya mtoto, kwani madhara hutokana na kunywa kwa miaka wakati meno yanaumbika, lakini kubeba madumu ya maji ya kunywa ni rahisi. Na watoto waambiwe mapema wasiwacheke wenyeji kwa meno yao. Ni maji waliyokuzwa nayo, hawakuyachagua.

Homa nayo isisingiziwe baridi. Mtoto aliyeng'atwa na mbu nyumbani Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuugua malaria wiki moja au mbili baadaye, yaani pengine akiwa Momella kwenye sweta. Apimwe. Vituo vya afya vilivyo karibu, kuelekea Usa River, viulizwe kabla ya safari, kwa kuwa mtandao wa simu ndani ya hifadhi si wa kuutegemea.

Mengine ni mepesi. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi. Kwenye mtumbwi kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, si la baba yake lililofungwa kamba. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, ibaki nyumbani. Anayefikiria kupanda na watoto hadi mabanda ya juu ya Meru, Miriakamba au Saddle, ajue kuanzia meta 2,500 ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza, na huo unahitaji maandalizi yake.

Anayepiga simu kuweka nafasi kwa kawaida huuliza bei na idadi ya vitanda. Aongeze maswali manne: Kuna mablanketi mangapi kwa kila kitanda? Choo kiko ndani? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Na chumba kinapashwa joto kwa nini? Akijibiwa, "Msijali, tutawaletea jiko la mkaa ndani," aombe mablanketi ya ziada badala yake.