Mafuta Yalipogeuzwa Silaha: Funzo la Mwaka 1973

Tumezoea kuona nchi ikiogopewa kwa sababu ya jeshi lake. Lakini nchi huogopewa pia kwa kile inachowauzia wengine.

Mfano ulio wazi ni wa Ramadhani ya mwaka 1393 Hijria, yaani Oktoba 1973. Misri na Syria zilikuwa vitani na Israel ili kurejesha ardhi zao zilizokaliwa tangu 1967. Tarehe 17 Oktoba, mawaziri wa mafuta wa nchi za Kiarabu walikutana Kuwait wakakubaliana kupunguza uzalishaji kwa asilimia 5 kila mwezi. Siku chache baadaye, Saudi Arabia ya Mfalme Faisal na wenzake waliacha kabisa kuiuzia mafuta Marekani, iliyokuwa ikiipa Israel silaha. Pipa lililokuwa likiuzwa kiasi cha dola 3 lilipindukia dola 11 ilipofika Januari 1974.

Athari za kisiasa zilionekana haraka. Mwezi Novemba, Jumuiya ya Ulaya ilitoa tamko lililotaja haki halali za Wapalestina. Japani, iliyoagiza takriban mafuta yake yote kutoka nje, nayo ikaitaka Israel iondoke katika ardhi zile.

Hata hivyo, Machi 1974 Marekani iliondolewa vikwazo, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa bado mikononi mwa Israel. Wanunuzi nao hawakulala. Ufaransa ilijenga mitambo ya nyuklia, Uingereza na Norway zikachimba mafuta Bahari ya Kaskazini, na nchi tajiri zikaunda Shirika la Kimataifa la Nishati ili kuweka akiba. Nguvu ya muuzaji hudumu pale tu mnunuzi anapokosa duka jengine.

Wasiohusika waliumia pia. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwezi ule ule wa Oktoba, lakini ilinunua mafuta kwa bei ile ile mpya.

Sisi wa visiwani tunalielewa jambo hili. Umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara. Ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu. Ile ilikuwa hitilafu, si adhabu ya mtu, lakini ilituonesha hali ya nyumba yenye mlango mmoja. Kila tunaposikia mpango mpya wa nishati, basi, tuulize: mlango wa pili uko wapi, na ufunguo wake anao nani?