Kidonge cha Maji na Udhu wa Ijumaa

Leo tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo wazee wetu huona haya kulitaja hata mbele ya daktari: kuacha dawa ya moyo kila ifikapo Ijumaa.

Tumfikirie mzee wa Lutindi, huko juu katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, mahali wengi wanapopajua kwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Moyo wake hausukumi damu ipasavyo. Mitaani husemwa "moyo umetanuka". Miguu ilimvimba, na usiku akilala chali pumzi zilimkatika. Akateremka hospitali ya Magunga mjini Korogwe, akapewa furosemidi, ambayo wengi huiita Lasix, itoayo maji yaliyozidi mwilini kwa njia ya mkojo. Uvimbe ukashuka, akaacha kukesha kitini.

Lakini kidonge hicho huanza kazi ndani ya saa moja, na nguvu yake huendelea kwa saa sita hadi nane. Akikimeza saa tano asubuhi, khatibu anapopanda mimbari yeye anatafuta choo. Udhu umevunjika, safu imempita, na macho ya watu yanamfuata. Ijumaa ya pili anakiacha. Kisha anakiacha siku ya safari, kwani basi la Tanga halisimami kila abiria anapotaka. Kisha siku ya msiba. Maji yanarudi mwilini kidogo kidogo, naye hajui kwa nini.

Linalotusikitisha ni kwamba mara nyingi saa ya kumeza huweza kusogezwa. Ameze mara baada ya swala ya Alfajiri, kasi ipungue kabla ya adhuhuri. Au asubiri mpaka atoke msikitini, ilimradi isiwe jioni sana akakosa usingizi. Amuulize daktari wake, wala asimeze viwili kufidia kimoja.

Dawa nyingine nazo zina mambo yake. Enalapril na losartan hushusha presha, hivyo anyanyukapo kutoka kwenye sijda kizunguzungu humshika. Ainuke taratibu; na akishindwa kusimama, swala ya kukaa ni ruhusa ya dini, si aibu. Carvedilol huleta uchovu wiki za mwanzo: jembe huwa zito, mkulima akadhani dawa inammaliza, akaitupa. Kwa kawaida uchovu huo hupungua. Na vidonge vya maumivu kama diclofenac, tunavyovinunua dukani kwa ajili ya magoti, huzuia maji mwilini na kuharibu kazi yote hiyo.

Tusidhani haya ni ya vikongwe tu. Katika utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wa moyo wa namna hii walikuwa na wastani wa miaka 55, na chanzo kikubwa, asilimia 45, kilikuwa shinikizo la damu. Wengi katika umri huo bado wanalisha familia.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa asijiamulie peke yake. Aonane na daktari mapema, kabla ya mwezi kuandama. Asiyetarajiwa kupona ana njia ya fidia.

Nyumbani, watoto wamsaidie mzee kupima uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa.