Barabara Ikifungwa, Gunia la Rudewa Hulipa

Wafanyabiashara wa mazao wanaonunua Rudewa, wilayani Kilosa, huuliza swali moja kila mara tingatinga linapoonekana barabarani: gharama ya njia kufungwa humwangukia nani? Wengi hujibu haraka kwamba humwangukia mlaji wa Dar es Salaam, kwa kuwa nauli ya mzigo ikipanda, bei nayo hupanda. Jibu hilo aghalabu si sahihi. Anayelitegemea anaweza kununua kwa bei isiyomlipa.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa Dar es Salaam kwa shilingi 70,000. Kulisafirisha kutoka Rudewa ni shilingi 5,000, kupakia, kushusha na ushuru ni 3,000, na mnunuzi anataka abaki na 4,000. Basi bei anayoweza kumpa mkulima ni shilingi 58,000.

Sasa mkandarasi amefunga kipande cha njia. Magari yanapita mchepuko wa udongo, yanasubiri zamu, na mvua ikinyesha yanalala hapo hapo. Mwenye Fuso anapandisha nauli hadi shilingi 9,000 kwa gunia kwa sababu matairi na springi ni vyake. Mnunuzi naye aliyekuwa akizungusha mtaji wake mara tatu kwa wiki sasa anauzungusha mara mbili, hivyo anahitaji faida ya 6,000 kwa gunia ili apate alichozoea. Dar es Salaam bei bado ni 70,000, maana soko lile linalishwa pia na Kibaigwa, Iringa na Ruvuma, na wala halijui kwamba Rudewa kuna kalavati linajengwa. Ukitoa 9,000, 3,000 na 6,000, inabaki 52,000. Shilingi 6,000 zimetoka kwa mkulima, zote.

Ndiyo kanuni ya barabara ndogo. Ikifungwa njia inayohudumia eneo moja tu, bei ya mjini haitikisiki, bali bei ya shambani hushuka. Kwa bidhaa zinazoingia mambo hugeuka: saruji, sukari na mafuta ya taa hupanda Rudewa huku bei ya kiwandani ikiwa ile ile. Mwananchi wa pale huumia mara mbili, anapouza na anaponunua.

Barabara kuu ina tabia nyingine. Mwanzoni mwa Machi 2020 maji yalikata barabara ya Morogoro hadi Dodoma katika eneo la Kiyegeya, wilayani Gairo. Hapo haikufungwa njia ya kijiji, bali mshipa unaopitisha mahindi ya Kibaigwa kwenda Dar es Salaam. Mojawapo ya njia za lami za kuzunguka ni kupita Iringa na Mtera, na kati ya Morogoro na Dodoma mzunguko huo ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa kawaida. Katika hali kama hiyo mzigo wa upande wa Dodoma huchelewa, soko la pwani hutafuta mzigo mwingine, na mwenye magunia yaliyo upande wa Morogoro huwa na nafasi ya kupandisha bei. Rudewa na Kilosa walikuwa upande huo. Njia yao ya kutokea ni Dumila, ambayo ukitoka Morogoro unaifikia kabla ya Gairo.

Miaka sita kabla ya hapo bahati ilikuwa kinyume. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara hiyo hiyo kuu darajani kati ya Magole na Dumila, na safari hii waliokwama upande usiofaa walikuwa watu wa Dumila, Msowero na Rudewa. Kwa anayetaka kwenda Morogoro bila kuvuka pale, ilibaki njia ya kusini, yaani kupita Kilosa mjini na kutokea Mikumi kwenye barabara ya Iringa. Wakati huo lami ya Kilosa haikuwapo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyabiashara lisiwe "barabara imefungwa kwa muda gani?" bali "mzigo wangu uko upande gani wa mahali palipofungwa, na nani mwingine analisha soko langu?" Akilijua hilo, ataweza kukisia kama bei itapanda au itashuka kabla hajatoa hata shilingi moja.

Ujenzi wa lami wenyewe ni hadithi ya namna ya pekee. Barabara ya Dumila, Rudewa, Kilosa hadi Mikumi ilipangwa kwa vipande. Kipande cha Dumila hadi Rudewa, kilomita 45, kilitangulia. Kile cha Rudewa hadi Kilosa, kilomita 24, kikafuata miaka baadaye. Katikati ya vipindi hivyo Rudewa ilikuwa mwisho wa lami, na mwisho wa lami ni mahali penye biashara. Gari kubwa huishia hapo, gari dogo huleta mzigo kutoka ndani, na katikati yao kuna mwenye ghala, mpakiaji, mama lishe na dalali. Aliyefungua ghala kwa kutegemea nafasi hiyo hakupaswa kuihesabu kuwa ya kudumu. Lami ikisogea, Fuso husogea nayo. Anayeweka fedha mahali kama hapo afanye hesabu ya kurudisha mtaji wake kabla mkandarasi wa kipande kinachofuata hajaleta mitambo.

Lipo pia suala la fidia, ambalo wengi hulielewa vibaya. Uingereza kazi inayofunga mitaa mara kwa mara ni kubadilisha mabomba ya zamani ya gesi. Tangu 2002 kuna mpango wa miaka 30 wa kuondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo na kuweka ya plastiki. Sheria yao ya gesi ya 1986, pamoja na kanuni za 1996, inamruhusu mwenye biashara ndogo kuidai kampuni ya gesi hasara aliyopata kwa sababu mtaa wake umechimbwa. Masharti yapo: mauzo yake ya mwaka yasizidi kiwango kilichowekwa, na hasara ionekane katika vitabu vya hesabu. Hata hivyo mlango upo, na muuza duka ambaye hakuhamishwa popote anaweza kubisha hodi.

Kwetu mabomba ya gesi bado ni machanga. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam 2004, na bomba kubwa la Mtwara likazinduliwa 2015. Kilosa kinachofunga njia ni lami, makalavati na mafuriko. Lakini tofauti kubwa iko kwenye sheria. Fidia yetu imejengwa juu ya ardhi. Anayeondolewa kwenye eneo lake kihalali hulipwa thamani ya ardhi na majengo, na kanuni za 2001 zinaongeza faida iliyopotea, ambayo hukadiriwa kwa kuzidisha faida halisi ya mwezi kwa miezi 36. Hizo si fedha ndogo kwa mwenye duka anayeweka hesabu. Asiyeweka hesabu atathibitishaje faida yake? Daftari la mauzo la kila siku, hata la kurasa 96, lina thamani siku mthamini anapofika.

Ila yule ambaye hakuhamishwa, ambaye njia ya kufika dukani kwake imefungwa tu kwa miezi minne, kanuni hizo za ardhi hazimgusi. Nyanya zake zikioza kwenye foleni ya mchepuko, ni zake. Kwa maoni ya mwandishi huu ni upungufu unaostahili kujadiliwa na vyama vya wafanyabiashara, lakini anayenunua mzigo wiki hii hawezi kusubiri mjadala huo. Kinga yake iko kwenye mapatano. Akikubaliana na mwenye gari, waandike nani anabeba gharama ya siku za kulala njiani. Akimlipa mkulima malipo ya awali, waandike kama bei itarekebishwa njia ikifungwa kabla ya kupakia. Na ajue mzigo wake. Mahindi makavu kwenye ghala zuri husubiri wiki kadhaa. Nyanya haisubiri siku tatu. Kwa hiyo mwenye nyanya asinunue mzigo mzima wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwenye njia ya mchepuko wa udongo, hata akionyeshwa bei ya kutamanisha. Bei hiyo imeshuka kwa sababu.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotaka kununua kiwanja kando ya lami. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ambapo zamani ilikuwa mita 22.5. Aliyejenga ndani ya hifadhi bila haki hawekwi kwenye orodha ya kulipwa. Huwekewa alama ya X na kupewa muda wa kubomoa. Muuzaji wa kiwanja hawezi kukuambia hilo kwa hiari yake. Nenda na futi kamba, pima kutoka katikati ya barabara, kisha uliza ofisi ya TANROADS mkoani, au TARURA kama ni barabara ya wilaya, kabla ya kutoa fedha.