Hamu ya Kutoonekana: Pete ya Mchungaji na Mlango wa Malkia (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita makala haya yaliishia Baghdad, kwa Harun al-Rashid wa Alfu Lela U Lela, anayevaa nguo za mfanyabiashara na kuzunguka mitaani usiku apate kusikia watu wanasema nini. Yeye alijificha ndani ya mavazi. Leo ni zamu ya wanaotoweka kabisa, na mkongwe wao ni mchungaji wa Lydia, nchi iliyokuwa magharibi mwa Uturuki ya sasa.

Kisa chake kimo katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Tetemeko linapasua ardhi. Mchungaji anashuka ufani, anakuta farasi wa shaba mwenye uwazi ndani na vijilango ubavuni, na humo maiti kubwa kuliko mwanadamu, haina kitu ila pete ya dhahabu. Anaivua, anaondoka nayo. Siku ya kikao cha wachungaji anaichezea kidoleni, kito kinageukia kiganjani, na ghafla wenzake wanaanza kumzungumzia kana kwamba ameshaondoka. Anakirudisha nje, anaonekana tena. Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio: anapata nafasi katika ujumbe wa kwenda kwa mfalme, anamtongoza malkia, anamwua mfalme na kutwaa ufalme.

Anayesimulia ni Glaucon, nduguye Plato, naye anamtega Socrates. Mtu mwadilifu akipewa pete kama hiyo, atauacha mkono wake usiguse cha mwenziwe? Glaucon anadai hayupo wa namna hiyo. Wanafalsafa hawajaliacha swali hilo tangu siku ile, na wana haki.

Hata hivyo, kwa anayependa hadithi, utamu wote uko katika kile kikao. Kabla ya tamaa ya malkia na kiti cha enzi, starehe ya kwanza ya pete ni kusikia unavyosemwa wakati watu wanadhani hupo. Na hali hiyo ndiyo hasa aliyo nayo msikilizaji wa hadithi yoyote. Anaingia chumbani kwa malkia, anasikia njama za wauaji, anahesabu fedha za tajiri, wala hakuna anayegeuka kumtazama. Mhusika asiyeonekana ni mwenzake wa safari ndani ya kisa. Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwa hadithi hizi, kuliko hata katika nguvu za pete.

Herodotus, aliyeandika kabla ya Plato, ana kisa kinachofanana, cha Gyges wa Lydia asiye na pete yoyote. Mfalme Candaules anajivunia uzuri wa mkewe kupita kiasi, akamshurutisha Gyges, mlinzi wake, ajifiche nyuma ya mlango wa chumba cha kulala amtazame malkia akivua nguo. Gyges anasihi aachiwe, hasikilizwi. Usiku ule anapochomoka, malkia anamwona mgongo, lakini hapigi kelele. Asubuhi anamwita na kumpa mawili achague: amwue mfalme au afe yeye. Gyges anachagua kuishi, na anamvizia mfalme kutoka mahali palepale pa kujificha. Kati ya visa hivi viwili, cha Herodotus ndicho kinachotisha zaidi. Mtu aliyeamini kwamba haonekani ameonekana, na aliyemwona amenyamaza hadi asubuhi.

Katika Alfu Lela U Lela jambo lenyewe linakuwa la furaha. Hasan wa Basra anawakuta vijana wawili wakigombea fimbo na kofia ya kutoonekana. Anarusha jiwe, anawaambia washindane kulikimbilia, na wao wakiwa mbioni yeye anavaa kofia. Vitu hivyo ndivyo vinavyomsaidia kuwaokoa mkewe na wanawe katika visiwa vya Waq.

Mwaka 1897 Mwingereza H. G. Wells aliiondoa pete na kofia, akaweka sayansi. Riwaya yake ya mtu asiyeonekana ilitoka kwanza kwa sehemu katika jarida la Pearson's Weekly. Griffin, msomi maskini, anafanikiwa kuufanya mwili wake upitishe nuru kama kioo, isipokuwa rangi hafifu inayobaki nyuma ya macho. Wells alikuwa makini: jicho lisilozuia nuru hata kidogo haliwezi kuona. Lakini mwili wenyewe haukwenda popote. Ni majira ya baridi London na Griffin hana nguo, maana nguo zinaonekana. Chakula alichokula kinaonekana mpaka kimeyeyuka. Mbwa wanamnusa. Watoto wa mtaani wanaona alama za miguu yenye matope kwenye ngazi za nyumba, wanaanza kuzifuata. Hakuna mwandishi aliyeeleza vizuri kuliko yeye jinsi ilivyo kazi ngumu kutoonekana kutwa nzima.

Sehemu ya tatu itahamia Marekani, kwa Ralph Ellison, ambaye mwaka 1952 alimwandika mtu Mweusi asiye na jina, anayeishi chini ya ardhi katikati ya balbu 1,369 zinazowaka. Huyo hakuvaa pete wala hakunywa dawa. Haonekani kwa sababu walio karibu naye wamekataa kumwona, na hamu yake ni kinyume cha hamu ya yule mchungaji wa Lydia.