Kwa nini mhasibu afundishwe maadili ya Kikristo chuoni?

MWANAFUNZI anayejisajili kusomea uhasibu, uuguzi au sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu kilichoanzishwa na kanisa humu nchini hugundua mapema kwamba ratiba yake ina masomo ambayo hakuyatarajia. Mbali na hesabu na takwimu, aghalabu hutakiwa pia kusoma Biblia, maadili ya Kikristo na uhusiano wa imani na jamii. Wengi hunung'unika. Karo ni ghali, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe awe mhasibu ana haki ya kuuliza kozi hizo zitamfaa nini kazini.

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kutazama vyuo hivyo vilikotoka. Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2007, lakini asili yake ni shule ya makasisi iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903. Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki nacho kilianza mwaka 1984 kama taasisi ya theolojia, kikapewa hati mwaka 1992. Daystar kilipata yake mwaka 1994, na Africa Nazarene mwaka 2002.

Masomo yaliyokuwa ya makasisi yalipoingizwa katika darasa la wahasibu, yalilazimika kubadilika. Mhasibu hatarajiwi kuhubiri. Anachohitaji kujua ni afanye nini mkubwa wake anapomwagiza atie sahihi vocha ya kulipia bidhaa ambazo hazikuletwa.

Ndiyo maana kozi hizi, zikifundishwa vizuri, hazimpi mwanafunzi orodha ya dhambi. Humpa njia ya kupima jambo. Katika vyuo vya Kikatoliki njia mashuhuri ni ile ya hatua tatu: tazama, pima, tenda. Iliasisiwa na Joseph Cardijn, kasisi wa Ubelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa vijana wa viwandani, naye Papa Yohane wa 23 akaiidhinisha katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra. Vyuo vyenye mapokeo ya Kimethodisti hupendelea mizani ya mambo manne, yaani Maandiko, mapokeo ya kanisa, akili na tajriba ya maisha.

Tuchukue mfano ambao Wakenya wanaukumbuka. Mnamo Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, Nairobi, akatoa Sh2.6 milioni na kuahidi nyingine Sh3 milioni pamoja na basi. Siku iliyofuata, Jimbo Kuu la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilitangaza kuwa fedha hizo zingerudishwa.

Hatua ya kwanza, kutazama, humkataza mwanafunzi kukimbilia hukumu. Huanza kwa maswali makavu. Fedha zilitoka wapi? Nyumba ya mapadri ilihitaji kiasi gani, na waumini wenyewe walikuwa wamechanga kiasi gani? Ni nani waliokuwa wameketi katika viti vile, miezi michache tu baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha na kuwakemea hadharani viongozi wa dini waliopokea michango ya wanasiasa? Katika kupima, huletwa mezani nabii Amosi, aliyeshutumu ibada za matajiri waliowadhulumu maskini, lakini pia desturi yetu ya harambee, ambayo imejenga shule na zahanati nyingi mno kuweza kuitwa uovu mtupu. Hapo ndipo darasa huwaka moto, na ni vyema liwake.

Hatua ya tatu ndiyo inayomhusu mhasibu moja kwa moja. Mwalimu mzuri hatamtaka aandike insha kuhusu uadilifu. Atamtaka aandae kanuni za zawadi kwa parokia: ni nani anayetia sahihi, kuanzia kiasi gani chanzo cha fedha lazima kiulizwe, na mtoaji akitaka kipaza sauti ajibiwe vipi. Kazi kama hiyo inaweza kutumika baadaye katika kampuni, serikali ya kaunti au chama cha ushirika.

Mtihani mkubwa zaidi wa masomo haya ulikuwa Ukimwi. Kwa miaka mingi mimbari nyingi zilitangaza ugonjwa huo kuwa adhabu ya Mungu, na waliougua wakafa kwa upweke. Mwaka 1992 Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda alijitokeza hadharani kusema kwamba anaishi na virusi. Muongo mmoja baadaye, kuanzia mwaka 2002, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikuwa likivisaidia vyuo vya theolojia barani kuingiza suala hilo katika mitaala. Mahubiri ya mazishini yalianza kubadilika, ingawa polepole.

Kasoro zipo. Mahali pengine kozi hizi hufundishwa katika kumbi zilizojaa, na mwanafunzi hupita kwa kukariri. Mwalimu aliyebobea katika Kigiriki cha Agano Jipya huenda asijue namna vitabu vya hesabu vinavyopikwa; angefaa kuingia darasani pamoja na mhasibu. Isitoshe, vyuo hivi hupokea hata Waislamu, na Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kumfundisha mtu namna Wakristo wanavyofikiri ni halali. Kumtahini kama anaamini ni jambo jingine.

La ajabu ni kwamba mhasibu anaweza kunyimwa shahada kwa kufeli maadili, ilhali kuna wahubiri wengi wasiowahi kukanyaga darasa la aina hiyo. Mapema mwaka 2016 serikali ilitoa kanuni ambazo zingewataka viongozi wa makanisa kuwa na vyeti vya theolojia; makasisi walizipinga vikali, nazo zikaondolewa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya waumini waliodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa. Jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi liliwasilisha mapendekezo yake kuhusu usimamizi wa mashirika ya kidini Julai 2024.

Cheti peke yake hakizuii udanganyifu, na mhubiri anayeuza mboga sokoni siku za wiki hawezi kukaa chuoni miaka minne. Anaweza, hata hivyo, kuhudhuria kozi fupi za jioni au kusoma akiwa nyumbani. Vyuo vikiziandaa, visianze na historia ya mitaguso. Vianze na yule muumini wa kisukari anayemjia mchungaji Jumapili akiuliza kama, akiwa na imani ya kutosha, anaweza kuacha kudungwa insulini.