Soko Lililoingia Ndani

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo. Lakini leo uongo ubaki nje ya mlango, kwa maana kisa hiki ni cha kweli. Wahusika wake ni watatu: ukuta, soko na jumba la maduka. Mkienda Jeddah leo mtawakuta wawili. Mmoja alikufa zamani, na kifo chake ndicho kilichozua mambo yote.

Jeddah ni mji wa Saudi Arabia, ukingoni mwa Bahari ya Shamu. Mwaka 647 Khalifa Uthman bin Affan aliuteua uwe bandari ya Makka. Tangu hapo, mahujaji waliosafiri kwa bahari walishukia pale, wakiwemo wazee wetu waliotoka Unguja, Mombasa na Lamu.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno walikuwa wakizunguka na mizinga yao katika bahari hizi. Mwaka 1505 waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Habari zilifika Jeddah. Amiri Hussein al-Kurdi, aliyekuwa akimtumikia sultani wa Misri, akauzungushia mji ukuta. Mwaka 1517 merikebu za Wareno zikaja kweli, zikautazama mji, kisha zikaondoka bila kuuteka. Ukuta huo ndio mhusika wetu wa kwanza, nao ulikuwa na milango yake: Bab Makkah upande wa mashariki, Bab Sharif kusini, na Bab Madinah kaskazini.

Mhusika wa pili aliishi ndani ya ukuta. Lilikuwa soko, na moja ya njia zake kuu, Souq al-Alawi, ilianzia upande wa bahari ikielekea Bab Makkah, njia ile ile ya mahujaji. Nyumba zilizolizunguka zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Madirisha yake makubwa ya mbao, yaitwayo roshani, yalichomoza nje ili kuunasa upepo wa baharini na kuwasitiri waliokaa ndani. Kando ya njia hiyo ipo Nyumba ya Nassif, iliyoanza kujengwa mwaka 1872 na kukamilika mwaka 1881. Mfalme Abdulaziz, mwasisi wa Saudi Arabia, alikaa humo alipoingia Jeddah mwaka 1925. Mbele ya nyumba hiyo umesimama mwarobaini, na wenyeji husimulia kwamba kwa miaka mingi ulikuwa mti pekee mjini, kwa sababu maji yalikuwa adimu hata kwa watu, seuze miti.

Soko hilo lilikuwa na akili. Nyumba zilikuwa ndefu na vichochoro vyembamba, kwa hiyo ukuta wa jirani ndio uliokuwa mwavuli wako. Mwenye duka aliketi kwenye kizingiti chake, karibu na mpita njia kiasi cha kusalimiana. Hapo ulipata kitambaa, viungo na ubani, lakini pia ulipata habari za meli iliyotia nanga, bei ya ngamia wa kwenda Makka, na jamaa wa kukuandikia barua kama hukujua kuandika. Hakuna aliyekuuliza umekuja kununua nini. Ulikuja, basi. Mkumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1947 ukuta ukabomolewa. Mji uliokuwa umekunja miguu kwa zaidi ya miaka 400 ukainyoosha. Kusini, nje ya Bab Sharif, ikakua mitaa ya watu wa kipato cha chini: Al-Hindawiyah, na jirani zake kama Ghulail na Petromin. Huko waliishi vibarua na mafundi, na watu wengi wenye asili ya Afrika, Yemen na Asia. Baadhi yao ukoo wao ulianza na hujaji aliyekuja kuhiji asirudi kwao. Kaskazini ikakua mitaa mingine, ya barabara pana na nyumba zenye bustani. Bei ya mafuta ilipopanda mara nne baada ya Oktoba 1973, fedha zikamiminika, na wenye fedha wakaelekea kaskazini. Mwaka 1981 uwanja wa ndege nao ukaondolewa katikati ya mji ukapelekwa huko huko. Sasa Jeddah ilikuwa mji wa magari. Kwenda dukani kwa miguu, kwenye jua la nyuzi 40 na barabara ya njia sita, lilikuwa jambo la kujitafutia maradhi.

Hapo ndipo anapoingia mhusika wa tatu. Lakini yeye hakuzaliwa Jeddah, kwa hiyo turuke kidogo hadi Marekani.

Alikuwapo mchoraji wa majengo aliyeitwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, Austria. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1938 Wanazi walipoiteka Austria alikimbilia Marekani. Huko aliona jambo lililomkera: watu wamehamia pembezoni mwa miji, kila mmoja kwenye nyumba yake na gari lake, na hawana pa kukutana. Alizikumbuka barabara za Vienna, mikahawa yake na watu wanaotembea bila haraka. Akaamua kuzijengea barabara hizo paa. Oktoba 1956, huko Edina, jimbo la Minnesota, likafunguliwa jumba lake la Southdale. Nje baridi ilikuwa ikigandisha maziwa wakati wa kipupwe. Ndani, mwaka mzima, joto lilikuwa nyuzi 24, kuna bustani, na ndege wanaimba ndani ya tundu refu. Maduka yalikuwa zaidi ya sabini.

Gruen alikuwa amepanga mengi kuliko hayo. Kandokando ya jumba alitaka nyumba za kuishi, shule, hospitali, bustani na ziwa, liwe mji kamili. Wenye mali walijenga kilicholeta faida upesi, na kwingine kote majumba kama hilo yakaigwa kwa mamia, yamezungukwa na maegesho ya magari tu. Gruen aliporudi kwao Austria mwaka 1968, alidhani amewaachia Wamarekani balaa hilo. Mwaka 1976 jumba kubwa la maduka likafunguliwa kusini mwa Vienna, karibu na mlango wake. Uzeeni alikataa hadharani kuitwa baba wa majumba hayo.

Mtoto huyo aliyekanwa na baba yake alipokelewa vizuri sana Jeddah. Mwaka 2008 yalifunguliwa mawili makubwa, Red Sea Mall na Mall of Arabia, yote kaskazini. Mkiona watu wanayapenda msidhani ni ulafi wa kununua. Penye joto kali, jumba lenye kiyoyozi ndiyo barabara. Ndani yake bibi mwenye miguu mibovu aliweza kutembea jioni, watoto waliweza kukimbia bila gari kuwagonga, na familia iliketi pamoja mbele ya sahani.

Ila barabara hiyo ilikuwa na masharti. Kila ulipofika wakati wa sala, milango ya chuma ya maduka ilishushwa. Vijana wa kiume wasio na familia mara nyingi walizuiwa mlangoni. Migahawa ilikuwa na mlango wa familia na mlango wa wanaume. Wauzaji walikuwa wanaume, hata kwenye maduka ya nguo za ndani za wanawake, jambo lililowatia aibu wauzaji na wanunuzi sawia. Na katika jumba lote hilo hakukuwa na sinema. Kumbi za sinema zilikuwa zimefungwa nchini kote kwa zaidi ya miaka 35. Waliotaka kutazama filamu walivuka bahari kwa daraja hadi Bahrain, au walipanda ndege kwenda Dubai.

Kisha likaja tishio. Simu. Ukiwa umelala kitandani unabonyeza, na kiatu kinaletwa hadi mlangoni. Duniani kote majumba ya maduka yakaanza kukosa watu. Huko Austin, jimbo la Texas, jumba moja liitwalo Highland lilidhoofika hadi likanunuliwa na chuo cha jamii. Palipouzwa mashati pakawekwa madawati na kompyuta, na tangu mwaka 2014 wanafunzi wanasoma humo. Nyumbani kwetu vilevile: Sarit Centre ya Westlands, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1983, haikudumu kwa kukaa ilivyozaliwa. Imepanuliwa tena na tena, na supamaketi yake ya zamani ikaja kuondoka, nyingine ikaingia.

Majumba ya Jeddah yalijigeuza kwa njia ya kwao. Hayakubadilishwa matofali, zilibadilishwa sheria. Mwaka 2012 wanawake walianza kushika kazi kwenye maduka ya nguo za ndani, kisha ya vipodozi, na leo utawakuta kaunta kwa kaunta. Mwaka 2016 polisi wa maadili, waliokuwa wakisimamia masharti kama yale, waliondolewa mamlaka ya kukamata watu. Juni 2018 wanawake waliruhusiwa kuendesha magari, kwa hiyo mama aliweza kufika jumbani bila dereva. Aprili mwaka huo huo sinema ya kwanza ilifunguliwa Riyadh, na filamu iliyoonyeshwa ilikuwa Black Panther, ambamo yumo Mkenya Lupita Nyong'o. Januari 2019 zamu ikafika Jeddah: ukumbi wake wa kwanza, wenye skrini 12, ulifunguliwa ndani ya Red Sea Mall. Desemba 2019 migahawa ikaambiwa si lazima tena kuwa na milango miwili. Simu inaweza kukuletea kiatu. Haiwezi kukuletea kicheko cha watu mia mbili gizani, wote wakicheka pamoja.

Na lile soko la zamani? Lilipohamwa na matajiri lilichakaa, na nyumba kadhaa za matumbawe ziliporomoka. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Jeddah, uitwao Al-Balad, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 zilitengwa riyali milioni 50 za kuzishikiza nyumba 56 zisianguke. Desemba 2021 tamasha la kwanza la filamu la Bahari ya Shamu likafanyika humo humo, kati ya roshani na vichochoro. Basi jumba likapata sinema, na soko nalo likapata sinema. Wapinzani wawili walikuwa wamefikia jawabu moja: walete watu kwanza, biashara itawafuata.

Lakini msimulizi mwaminifu hamalizi kabla hajataja waliokosa mwaliko. Kuanzia Oktoba 2021 serikali ilibomoa mitaa mingi ya zamani ya Jeddah, Ghulail na Petromin ikiwemo. Serikali ilisema ni mitaa isiyopimwa na yenye uhalifu, na ikaahidi fidia. Raia wenye hati walikuwa na cha kudai. Wageni wengi, hata waliozaliwa mitaani humo, waliachwa nje ya fidia hiyo. Mitaa ile nayo ilikuwa na masoko yake: meza ya samaki, kijiduka cha kona, mwanamke anayeuza mbegu barazani. Hayo hayakupewa nafasi ya kujigeuza.

Kwa hiyo wanangu, mtu akiwaambia jumba fulani ni zuri kwa kuwa lina ngazi za umeme na vioo vingi, msimbishie. Mwulizeni maswali mawili. La kwanza: mtu asiye na senti anaruhusiwa kuketi humo kwa muda gani? La pili: kabla halijajengwa, pale palikuwa na nani, naye sasa yuko wapi? Souq al-Alawi lingelijibu swali la kwanza bila kigugumizi. Red Sea Mall limeanza kujifunza jibu lake. La pili bado halijajibiwa, Jeddah wala kwetu, na nyinyi ndio mtakaokuja kuchora ramani za miji ijayo.