Wenye Kilemba wa Mrima na Baraza Lisilo na Kiti Chao

Mrima, yaani ukanda wa pwani ya bara unaotazamana na Unguja, ambao ndani yake imo miji ya Saadani, Winde, Bagamoyo, Kaole, Mbweni na Kunduchi, ulikuwa na desturi ya kutawaliwa kwa shauri la watu wengi muda mrefu kabla ya serikali ya kikoloni kuunda chombo chochote cha kutunga sheria. Desturi hiyo inastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu historia ya bunge nchini Tanzania huanzishwa mara nyingi na Baraza la Kutunga Sheria lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1926, kana kwamba kabla ya hapo watu wa nchi hawakuwahi kukaa pamoja, kusikilizana, kupingana na kufikia uamuzi unaowafunga wote.

Miongoni mwa Washomvi na Waswahili wengine wa Mrima, mamlaka ya mji yalikuwa mikononi mwa majumbe, ambao pia waliitwa madiwani. Nao hawakuwa wafalme, kwa kuwa mji mmoja uliweza kuwa na majumbe kadhaa, kila mmoja akiheshimiwa zaidi katika mtaa wake na miongoni mwa jamaa zake. Chini yao walikuwapo wenye vyeo vya shaha, waziri na amiri, na jambo zito, kama vile vita, ugomvi wa ardhi au mapatano na majirani Wazaramo, halikuamuliwa na jumbe mmoja peke yake bali lilipelekwa barazani. Humo watu walikaa kwa kufuata umri, nasaba na cheo, tambuu ikapitishwa, mkubwa akatangulia kusema na wadogo wakasubiri zamu yao, na shauri likaendelea hadi wenye neno wote wawe wamesema.

Ujumbe ulipatikana kwa nasaba, lakini nasaba peke yake haikutosha. Aliyetaka cheo alilazimika kutoa ada, yaani malipo yaliyowekwa na mila kwa ajili ya wale waliokwisha kukipata, na kuulisha mji karamu yenye ngoma, ndipo avishwe kilemba mbele ya watu. Kilemba hicho, pamoja na viatu vya mti, vilikuwa alama ambazo mtu wa kawaida hakuthubutu kujivalia. Kwa upande wake jumbe alipata fungu lake katika nyama ya wanyama waliochinjwa na katika malipo ya mashauri, naye alitazamiwa kurudisha kwa mkono mwingine, kwa kuwapokea wageni na kuwalisha wenye njaa. Mengi ya hayo yanajulikana leo kutokana na kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Na ni haki kusema kwamba bila mwandishi huyo, aliyefariki Berlin mwaka 1927, sehemu kubwa ya adabu za baraza la Mrima ingepotea.

Masultani wa Zanzibar waliongeza juu ya majumbe cheo cha liwali, yaani mwakilishi wa Sultani mjini, na Wajerumani, baada ya kuvunja upinzani wa pwani ulioanza mwaka 1888, wakawatumia maliwali na maakida kama maofisa wa kukusanya kodi na kuamua kesi. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, iliimaliza biashara ya misafara iliyokuwa utajiri wa Bagamoyo, na bila utajiri huo karamu za kutawaza hazikuwezekana kwa ukubwa wa zamani. Kwa hiyo Waingereza walipouteka mji huo katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, waliwakuta majumbe wakiwa bado wanasalimiwa kwa heshima, ilhali mifuko yao ilikuwa mitupu.

Mwaka huohuo kilitokea kisa ambacho kinaonyesha kuliko kingine chochote jinsi jamii ya pwani ilivyokuwa ikibadilika: Waingereza walimteua kuwa liwali wa Bagamoyo Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, mtu mwenye asili ya Manyema aliyeletwa pwani utotoni akiwa mtumwa na kukulia katika nyumba ya liwali Amir bin Suleiman al-Lamki. Alipanda kwa biashara, kwa mashamba ya minazi na zaidi ya yote kwa elimu, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, ambayo ni njia ya kisufi inayokusanya waumini kwa zikri na maulidi. Utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria Tanganyika, kwani sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922. Hata hivyo watu waliokuwa wakihesabu nasaba zao kwa vizazi walipeleka mashauri yao kwake. Heshima ambayo zamani ilinunuliwa kwa ada na karamu sasa iliweza kupatikana kwa kusoma na kusomesha, na maulidi yake yakawa mkusanyiko ambao karamu ya jumbe yeyote wa wakati huo isingeufikia.

Wakati huohuo vijana walijitafutia vyeo kwingine, hasa katika ngoma ya beni, ambayo vikundi vyake vya Marini na Arinoti vilienea pwani na bara baada ya vita vikiwa na maofisa wenye majina ya kijeshi na ya kifalme, wakishindana kwa mavazi na karamu kama mitaa ya majumbe ilivyoshindana kabla yao. Wenye elimu ya shule, nao, waliunda African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, wakiwa na rais, katibu na kumbukumbu za vikao.

Katika hayo yote hakuna lililofika katika Baraza la Kutunga Sheria. Lilipoanza, chini ya Gavana Donald Cameron, lilikuwa na maofisa 13 wa serikali na wajumbe 7 wasio maofisa, Wazungu 5 na Wahindi 2, wote wakiteuliwa. Mwafrika hakuwamo hata mmoja, kwa hoja kwamba hapakuwapo aliyejua Kiingereza kiasi cha kushiriki mijadala na kwamba wenyeji wangesemewa na maofisa. Hoja hiyo haikuwa ya haki, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya mahakama za wenyeji na ya gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na maofisa wenyewe walitakiwa kukijua. Zanzibar, ambako baraza la namna hiyo liliundwa mwaka huohuo, Waarabu walipewa viti lakini Mwafrika wa kwanza, Ameri Tajo, aliingia mwaka 1946 tu.

Cameron aliwawekea Waafrika njia nyingine, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotaka kila kabila litawaliwe kupitia chifu wake. Hapo ndipo Mrima ulipoponzwa na desturi yake yenyewe, kwa sababu serikali iliyotafuta chifu mmoja ilikuta mji wenye majumbe wengi, na badala ya kuutambua ushauriano huo kuwa ni utawala iliuona kuwa ni upungufu, ikaendelea kuwatumia maliwali na maakida wa kulipwa mshahara. Waafrika wa kwanza walipoteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, walikuwa Chifu Kidaha Makwaia kutoka Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, watu wenye sifa zao ambazo hakuna wa kuzibeza, lakini pwani haikuwa na mtu pale. Sheikh Ramiya alikuwa amefariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad, aliyerithi ukhalifa, alikuja kuwa miongoni mwa waliokijenga chama cha TANU mjini Bagamoyo katika miaka ya 1950, akiwatumia watu walewale waliozoea kukusanyika kwa ajili ya maulidi.